Kati ya Sifuri na Mbili

Kitufe cha kupunguza sauti kwenye kibodi yangu hushuka mbili mbili. Nane, sita, nne, mbili, sifuri. Kwenye sifuri kuna kimya cha kaburi. Kwenye mbili kuna mtu ananifokea sikioni. Katikati hapo hapana kitu, na miezi kadhaa ya maisha yangu imepotea nikikitafuta hicho kitu kisichokuwepo.

Kazi yangu ni kuandika yaliyosemwa. Watu hunitumia rekodi za mahojiano, vikao na semina, nami nayasikiliza na kuyageuza maandishi, neno kwa neno, pamoja na "eeh" na "yaani" zao zote. Kwa siku hedifoni hunikaa masikioni muda wa saa sita, pengine saba. Kwa hiyo zile za zamani zilipokatika waya sikusita kununua nyingine, zile ndogo za kuingia ndani kabisa ya sikio, zenye ncha za mpira. Boksi lilijisifu kwamba sauti yake ni safi haina mfano. Kwenye usafi hawakudanganya. Ila hakuna aliyenidokeza kwamba zinapiga kelele.

Rekodi ya kwanza niliyoifungua nazo ilikuwa ya kikao cha watu tisa kuizunguka meza moja. Mwenyekiti alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa kalamu kila alipotaka watu wanyamaze, na kinasa sauti kilikuwa kimelazwa juu ya meza hiyo hiyo. Dakika ya 14 akagonga mara tatu. Ta, ta, ta. Nilizing'oa hedifoni kwa mikono miwili kama mtu aliyeingiwa na siafu. Zikaanguka juu ya dawati, na pale zilipolala bado nikawa nayasikia mazungumzo, maneno yote, yakitoka kwenye vitundu viwili vidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Kompyuta ilikuwa inaonyesha nne kati ya mia.

Ukimwambia mtu hedifoni zako zina kelele, atakujibu neno moja: punguza. Hasemi kwa ubaya. Hajui tu kwamba anamwambia aliyekwisha kufika chini ya kisima ateremke kidogo. Kaka yangu mkubwa alizivaa, akasikiliza kwa sekunde kumi, akanirudishia. "Mbona ziko sawa tu? Masikio yako ndiyo laini." Huyu ni mtu ambaye akiongea na simu chumbani, jirani hana haja ya kuuliza habari.

Hata hivyo neno lake lilinikaa. Kuna hali kweli ya kiafya, madaktari huiita haipakusisi, ambapo sauti za kawaida kabisa za maisha humuumiza mtu. Nikaanza kujichunguza. Mlango ukijifunga kwa upepo nashtuka kama wenzangu, siumii. Sufuria ikianguka nakasirika, siumii. Na bado nikaenda kwa daktari wa masikio, maana kwa kazi hii sikio ndilo jembe langu. Nikakalishwa kwenye kile chumba kidogo kisichopitisha sauti, kitufe mkononi, nikabonyeza kila niliposikia mlio, mingine hafifu kiasi kwamba sikujua kama nimeusikia au nimeuwaza. Majibu yakatoka ya kawaida. Daktari akaniuliza mambo mawili ambayo nadhani kila mvaa hedifoni angefaa kujiuliza: ukizivua, dunia husikika kama imefunikwa pamba? Na usiku pakiwa kimya, kuna mlio masikioni usiokoma? Nikajibu hapana, na hapana. Basi sikio langu halikuwa na ugonjwa. Lilikuwa linalalamika, na lilikuwa na haki.

Aliyenifumbua macho alikuwa fundi wa redio. Nilimpelekea kila kitu, kompyuta, hedifoni na boksi lake, nikitegemea aseme zimeharibika. Hedifoni hakuzigusa. Alilichukua boksi, akaligeuza ubavuni, akalisogeza kwenye mwanga.

"Hizi si mbovu, kaka," akasema. "Zinashiba upesi tu. Na hiyo kompyuta yako inapakua kwa mwiko mkubwa."

Alikuwa anasoma namba mbili ambazo mimi sikuwahi kuzitupia jicho: omu 16, yaani ukinzani wake kwa umeme, na desibeli 110 kwa miliwati moja, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Nitazieleza kwa kirefu, maana humo ndimo ulimokuwa ufunguo wa shida yangu yote.

Namba ya pili inasema hivi: nipe miliwati moja ya umeme, yaani sehemu moja ya elfu ya wati, nami nitakutolea sauti ya desibeli 110. Tundu la hedifoni la kompyuta, likiachiwa mpaka mwisho, si ajabu kutoa volti moja. Volti moja ikiingia kwenye omu 16 ni miliwati 62.5. Nguvu ikizidishwa mara kumi, desibeli huongezeka 10. Kwa miliwati 62.5 nyongeza ni 18 hivi. Jumla unapata 128. Hiyo ni pale wimbi ndani ya rekodi linapogonga ukomo wake, na mtu akizungumza kawaida huwa mbali chini ya hapo. Lakini kalamu ya mwenyekiti juu ya meza yenye kinasa sauti haikai chini ya hapo. Yenyewe huenda moja kwa moja kwenye ukomo.

Sasa linganisha. Watu wawili waliokaa karibu wakiongea polepole ni desibeli 60 hivi. Mimi sihitaji zaidi ya hizo. Kwa hiyo kutoka 128 natakiwa kuteremka desibeli 60 na ushei kabla sijafika mahali pa kukaa kwa amani, na ngazi pekee niliyopewa ni kile kitelezi chenye namba sifuri hadi mia.

Kitelezi hicho, namba zake hazipimi kitu. Mia si desibeli, wala si wati. Ni mia ya chochote ambacho mashine inaweza kutoa. Chukua kitelezi cha namna rahisi kabisa, kinachogawa tu kimo cha wimbi: 100 ni lote, 50 ni nusu yake, 1 ni sehemu moja ya mia. Kwa hesabu ya desibeli, sehemu moja ya mia ni kushuka 40, basi. Toa 40 kwenye 128, unabaki na 88. Na hiyo ndiyo ngazi ya mwisho. Ukishuka tena umeingia kwenye kimya. Halafu tazama jinsi ngazi zenyewe zilivyopangwa. Kutoka 100 kwenda 99 unapunguza hata sehemu ya kumi ya desibeli haifiki, hakuna sikio litakalojua. Kutoka 2 kwenda 1 unaporomoka desibeli 6 kwa mruko mmoja. Ulaini wote umepelekwa kule juu ambako hakuna anayeishi, na sisi wakazi wa chini tumeachiwa vidato viwili vyenye pengo la kuvunja mguu. Mifumo mingi ya kompyuta huipinda hesabu hii ili kule chini kuwe na nafuu, mingine kidogo, mingine sana. Lakini ukiwa na hedifoni zenye kushiba upesi, nafuu hiyo huisha kabla hujaionja.

Nilimuuliza fundi kwa nini basi watu watengeneze hedifoni za namna hii. Akacheka, akasema ziliwahi kuwa dhahabu. Baadaye nikasoma, nikakuta ana haki. Mwaka 1910, Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alipowauzia jeshi la majini la nchi yake hedifoni alizozitengeneza jikoni kwake, redio za wakati huo hazikuwa na kikuza sauti cha maana. Kilichofika sikioni kilikuwa ni ule umeme mdogo uliodakwa na antena. Hedifoni iliyoweza kupaza sauti kwa tone la umeme ilikuwa tofauti kati ya kuisikia meli na kutoisikia. Leo sababu imebadilika: simu na vichezeshi vidogo vina betri ndogo, kwa hiyo hedifoni za mfukoni hutengenezwa ziridhike na kidogo. Kompyuta nayo haijui utaichomeka nini. Pengine utaleta yale mahedifoni makubwa ya studio ya omu 250 au 300, yanayotaka kusukumwa kweli kweli. Basi inajiandaa kwa mgeni mwenye njaa, halafu anafika mtoto mchanga.

Katika pitapita hiyo ndipo nilipokutana na saa zangu mwenyewe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, walitoa mwongozo wa usikilizaji salama: kwa mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, kwa mtoto 75 kwa saa hizo hizo. Na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda nusu. Yaani 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa tano. Mimi nafanya kazi nimevaa hedifoni zaidi ya saa 30 kwa wiki. Nikizivaa kwa 89, mgao wangu wa wiki nzima unaisha Jumatatu kabla sijatoka kwa chakula cha mchana. Ndani ya koklea, ile sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, kuna seli zenye vinyweleo kama 15,000 hivi, kila sikio na zake, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Mwili una ulinzi wake, tena wa kupendeza: msuli mdogo kuliko yote iliyoshikamana na mifupa huvuta mfupa wa kikuku, ule wa mwisho katika vile vitatu vya sikio la kati, ili sauti kubwa isipite yote. Taabu ni kwamba huchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kalamu inakuwa imeshapita.

Haya, tiba. Nilianza na ya bure.

Kwanza nikagundua kwamba nina vitelezi viwili, siyo kimoja. Programu ninayosikilizia ina chake, na kompyuta ina chake, na vinazidishana. Nikakishusha cha programu mpaka 15, na kile cha kompyuta nikakipandisha mpaka 40. Ghafla nikawa na nafasi ya kujigeuza! Naweza kwenda 38, 42, 46, na kila hatua ikawa ndogo, ya kibinadamu. Siku mbili nilijiona mjanja. Siku ya tatu, katikati ya mahojiano ya mama mmoja mwenye sauti ya upole, ujumbe ukaingia kwenye programu nyingine, na kengele yake ikanipata kwa 40 nzima, bila ile punguzo ya 15. Sijui kama nilipiga kelele. Najua paka aliondoka chumbani.

Kwa hiyo ukienda njia hiyo, nenda mpaka mwisho: fungua kichanganya sauti cha kompyuta, ile orodha inayoonyesha kila programu na kitelezi chake, uzishushe zote moja moja, na kengele za mfumo uzizime kabisa. Mimi nilizizima na sijazikumbuka. Ila programu mpya ukiifungua, nyingi huingia na mia yake mkononi.

Wenye Mac wana mlango mdogo ambao wengi hawaujui: ukishikilia Option na Shift pamoja halafu ukabonyeza kitufe cha sauti, kila ngazi hugawanyika mara nne, na zile 16 zinakuwa 64. Rafiki yangu wa Linux aliponisikia alifungua programu iitwayo alsamixer, akanionyesha safu ya vitelezi vilivyojificha nyuma ya kile kimoja kinachoonekana: kimoja cha jumla, kimoja cha hedifoni, kingine cha sauti yenyewe ya kidijitali. Chake cha hedifoni kilikuwa kimekwama juu kileleni tangu siku alipoinunua kompyuta. Akakishusha, akanitazama kama aliyevumbua moto.

Kwangu mimi, kwenye Windows, iliyonifaa ni Equalizer APO, programu ya bure inayokaa kati ya sauti zote za kompyuta na tundu. Ina faili moja la maandishi la mipangilio. Ndani yake niliandika mstari mmoja:

Preamp: -24 dB

Nikahifadhi. Wakati ule ule, bila hata kuzima na kuwasha, kila kilichotoka kwenye kompyuta kikashuka desibeli 24: kengele, video, kikao, vyote. Kitelezi changu kikahamia 30 na kitu. Nilikaa nikakipandisha na kukishusha kwa dakika nzima bila sababu, kwa raha tu ya kuona kwamba sasa hatua moja ni hatua moja. Kuna watakaokwambia unapoteza ubora, na kwa hesabu ni kweli: kila desibeli 6 unazopunguza kwa njia ya kidijitali zinakula biti moja, yaani tarakimu moja ya zile zinazoiandika sauti. Lakini sauti ya biti 16 ina nafasi ya desibeli 96 kutoka juu hadi chini, na kadi nyingi za sauti siku hizi hufanya kazi kwa biti 24. Ukinifunga kitambaa usoni na kuniambia nitaje ni ipi iliyopunguzwa, kwa sauti ya mtu anayezungumza, nitabahatisha tu.

Kosa nililolifanya hapo ni langu. Programu hiyo hufuata kifaa: unachagua ni tundu lipi ishughulike nalo, na mimi nilichagua moja. Wiki kadhaa baadaye nikachomeka hedifoni kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB, maana tundu la ubavuni lilikuwa limelegea. Mstari wangu wa -24 ukabaki umekaa unalinda tundu tupu. Mengine unaweza kuyakisia. Tangu siku hiyo nina desturi: naanza kucheza sauti hedifoni zikiwa bado shingoni, nasikia kwanza, ndipo nazivaa.

Na kuna kitu ambacho programu haiwezi kukitibu. Hedifoni zenye kushiba upesi husikia kila kitu, pamoja na uchafu wa umeme wa kompyuta yenyewe. Rekodi ikinyamaza nilikuwa nasikia shshsh nyembamba, kama mvua ya mbali, na nikisogeza kipanya, ndani ya mvua hiyo kuna mdudu anakwaruza. Ukipunguza sauti kwenye programu unapunguza maneno ya watu. Mvua inabaki vile vile, kwa sababu inaingia baadaye, kwenye vyuma. Nikarudi kwa fundi.

Zipo nyaya za kununua zenye kigurudumu kidogo cha kupunguzia sauti, na kwa wengi hizo zinatosha. Nilikuwa nimeshajaribu moja. Kigurudumu kikikaribia mwisho wake wa chini, sikio la kushoto lilinyamaza kabla ya la kulia, na watu tisa wa kikao wote wakahamia upande mmoja wa meza. Dawa yake ni kukiacha katikati na kurekebishia kwenye kompyuta, lakini kidole hakisikii. Kila nilipoinuka kilisogea.

Fundi hakutaka kigurudumu. Alikata kipande cha waya urefu wa kiganja, plagi upande huu, tundu upande ule, na katikati akapachika rizista nne ndogo, kila moja kama kipande cha njiti kilichofungwa nyuzi za rangi. Mbili kwa kila sikio: moja ya omu 100 inayosimama njiani, nyingine ya omu 10 inayokatiza kwenda kwenye waya wa chini. Nilimuuliza kwa nini asiweke moja tu kubwa pale njiani, tumalize. Hakuinua macho. Moshi wa risasi ya kulehemia ulikuwa unampanda puani.

"Ukiweka moja kubwa peke yake," akasema, "hedifoni zitabadilisha lafudhi."

Maana yake ni hii: ukinzani wa hedifoni hauko sawa kwa sauti zote. Zile omu 16 za kwenye boksi hupanda na kushuka kadiri sauti inavyokuwa nene au nyembamba, hasa kwa hedifoni zenye vipaza vidogo viwili au vitatu ndani. Rizista moja kubwa mbele yake hugawana umeme nao bila usawa, na sauti nene inaweza kuvimba au kusinyaa. Ile ndogo inayokatiza ndiyo inayoshika adabu. Omu 10 sambamba na 16 ni kama omu 6. Umeme ukishapita kwenye 100, kinachozifikia hedifoni ni sehemu moja kati ya kumi na saba hivi. Kushuka desibeli 25, karibu sawasawa na mstari wangu wa Preamp, ila safari hii na mvua nayo imo kwenye punguzo. (Mwenye hedifoni zenye kipaza sauti cha kuongelea aseme mapema, kwa sababu plagi yake ina pete moja zaidi na waya wa namna hii ukitengenezwa ovyo humkata ulimi. Mimi naandika tu, sikuhitaji.)

Za Bluetooth nitazipita haraka, sizitumii kazini. Hizo mara nyingi zina kiwango chao ndani na simu au kompyuta ina chake, na kuna mpangilio unaovifunga viwili viwe kimoja. Kwenye simu za Android swichi ya kuuzima mpangilio huo imo katika chaguo za wasanidi (Developer options), inaitwa Disable absolute volume. Ukiiwasha swichi hiyo vinaachana, na hapo unaweza kukishusha cha ndani ya hedifoni na kupata nafasi kwenye simu. Waya wa fundi huko hauna pa kuchomekwa.

Lililonishangaza ni wiki ya kwanza baada ya yote haya. Nilikuwa nimepata nilichokililia, na sikukipenda. Sauti za watu zilikuwa nyembamba, zimekonda, kama zinatoka nyuma ya karatasi. Karibu nipandishe. Kumbe ni jambo linalojulikana tangu 1933, pale Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell Labs walipopima usikivu wa watu na kuchora mistari yake: sauti ikishuka, sikio huzipoteza zile nene kwanza. Kifua cha mtu hutoweka, linabaki koo. Ndiyo maana kila mtu hutamani kuongeza kidogo, na kidogo tena, na anaona kama anaongeza uzuri. Nilichofanya ni kuziongeza zile nene peke yake, desibeli 4, kwenye lile lile faili la maandishi, na kuiacha sauti yote pale chini. Ilipofika Ijumaa sikuwa nawaza tena habari za wembamba.

Mdogo wangu aliziazima jioni moja kutazama video. Alizivaa, akakunja uso. "Mbona hazisikiki?" Kitelezi kilikuwa 34. Nikamwambia apandishe atakavyo, waya ule ukiwepo hakuna pa kujiumiza sana. Akaenda 50, akaenda 70, akasimama hapo, akasahau kama mimi nipo. Nilikaa upande wa pili wa chumba nikitega sikio. Sikusikia kitu kikivuja.

Juzi mwenye ile rekodi ya kikao aliniomba nakala iliyosahihishwa, kwa hiyo nikaifungua tena. Dakika ya 14 ilipokaribia mabega yalipanda yenyewe. Ta, ta, ta. Ilikuwa kalamu tu, ya plastiki, inagonga mbao. Na kwa kuwa safari hii hedifoni zilibaki masikioni, na mvua haikuwepo, nikasikia kitu baada ya pigo la tatu ambacho sikuwa nimekiandika mara ya kwanza: mwanamke aliyekaa karibu na kinasa sauti akimnong'oneza mwenzake, "Akigonga tena mimi naondoka." Nikarudisha nyuma, nikasikiliza mara mbili, nikaiandika kwenye mabano. Kisha nikakumbuka nakala hii inakwenda kwa mwenyekiti, nikaifuta.